Upepo na Mafuta Katika Breki Moja: Somo kwa Madereva, Wamiliki na Mafundi wa Malori

ELIMU KWA UMMA

Kila siku malori huondoka katika mialo ya Nkome yakiwa yamebeba dagaa na sangara, yakapita Nzera kuelekea Geita mjini na mikoa mingine. Mengine huingia yakiwa na saruji, mabati, mbao na bidhaa za madukani. Katika maeneo ya uchimbaji, malori ya namna hiyo hiyo hubeba mawe kuyapeleka kwenye makarasha. Mengi kati ya hayo ni malori ya kati yaliyotengenezwa Japani, ambayo wananchi wamezoea kuyaita fuso, hata pale yanapokuwa Isuzu, Hino au Nissan.

Barabara zinazotumiwa na malori hayo ndizo zinazotumiwa na wanafunzi waendao shule, akina mama waendao gulioni na vijana wa bodaboda. Kwa sababu hiyo, hali ya breki za lori si jambo la dereva na mmiliki peke yao. Ni jambo la kila anayetembea kando ya barabara.

Tarehe 24 Februari 2024, katika eneo la Ngaramtoni mkoani Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za awali za Serikali zilieleza kuwa lori hilo lilifeli breki. Hatuna nia ya kuieleza upya ajali hiyo katika makala haya, wala hatusemi kuwa lori lile lilikuwa na mfumo tutakaoueleza. Tunaitaja kwa sababu maneno "breki zilifeli" yamekuwa yakisikika mara nyingi katika taarifa za ajali nchini, na wengi wetu huyapokea kana kwamba ni jambo linaloshuka ghafla kama radi.

Ukweli ni kwamba mara nyingi breki hazifeli ghafla. Huanza kufeli siku nyingi kabla: ndani ya tenki la upepo, ndani ya kopo la mafuta ya breki, au kwenye dramu iliyoliwa. Dalili huwapo, na anayezifahamu huziona. Makala haya yanalenga kumwezesha dereva, utingo, mmiliki na fundi kuzifahamu dalili hizo, hususan katika malori yanayotumia upepo na mafuta kwa pamoja.

KAZI YA BREKI NI KUGEUZA MWENDO KUWA JOTO

Gari linapotembea huwa limebeba nishati ya mwendo. Nishati hiyo haiwezi kupotea hivi hivi. Ili gari lisimame, ni lazima igeuzwe kuwa kitu kingine. Breki huigeuza kuwa joto. Viatu vya breki vinapobana dramu inayozunguka, msuguano huzalisha joto, na gari hupungua mwendo kwa kadiri joto hilo linavyozalishwa.

Ili kuona ukubwa wa kazi hiyo, tuchukue lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo wake, likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kulisimamisha lori hilo mara moja tu huzalisha joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji ya kawaida. Joto hilo lote hupita kwenye dramu chache za chuma katika muda wa sekunde kadhaa.

Aidha, nishati ya mwendo haiongezeki kwa kiasi kile kile ambacho mwendo umeongezeka. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati mara nne ya lile linalokwenda kilomita 40 kwa saa, na breki zake zina kazi mara nne. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inayaelekeza magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500 yasivuke kilomita 80 kwa saa, na inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi.

KWA NINI UPEPO NA MAFUTA KWA PAMOJA

Magari madogo hutumia breki za mafuta. Dereva akikanyaga, pampu kuu husukuma mafuta kwenye paipu nyembamba hadi kwenye silinda ndogo iliyopo kila gurudumu, na silinda hiyo husukuma viatu au pedi. Msingi wake ni kanuni iliyoelezwa na mwanasayansi wa Ufaransa, Blaise Pascal, katika karne ya 17: shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa kwa usawa pande zote. Kila utingo anaifahamu kanuni hii kwa vitendo, kwa sababu ndiyo inayofanya jeki ya mafuta iinue lori zima kwa mkono wa mtu mmoja. Mfumo wa mafuta kwa magari ulianzishwa na Malcolm Loughead wa Marekani, na gari la kwanza la biashara kuutumia kwenye magurudumu yote manne lilikuwa la kampuni ya Duesenberg, mwaka 1921.

Magari makubwa sana, kama vile malori ya trela na mabasi ya masafa marefu, hutumia breki za upepo mtupu. Asili yake ni reli: George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo kwa ajili ya treni mwaka 1869. Ubora wa upepo ni kwamba unaweza kuhifadhiwa tenkini ukiwa na nguvu, ukasubiri kuitwa kazini. Mguu wa dereva hauhitaji kutoa nguvu yote. Unachofanya ni kufungua mlango tu.

Lori la kati lipo katikati ya hayo mawili. Ni zito mno kwa nguvu ya mguu peke yake, lakini silinda za mafuta, ambazo ni ndogo na zinazoitikia haraka, hukaa vizuri ndani ya magurudumu yake. Hivyo waundaji waliunganisha mifumo hiyo: upepo hutoa nguvu, na mafuta huipeleka nguvu hiyo kwenye magurudumu. Kwa maneno mafupi, upepo unasukuma, mafuta yanabana.

SAFARI YA NGUVU KUTOKA MGUUNI HADI GURUDUMUNI

Safari hiyo huanzia kwenye kompresa, ambayo huendeshwa na injini. Kompresa huvuta hewa, huikandamiza na kuipeleka kwenye matenki yaliyofungwa chini ya chasisi. Kifaa cha kudhibiti shinikizo huisimamisha kazi ya kompresa matenki yanapojaa, na huiruhusu kuanza tena shinikizo linaposhuka. Katika malori mengi ya Japani geji ya upepo huonesha kilo kwa kila sentimita ya mraba, na sindano hutulia karibu na kilo 7 hadi 8 hivi. Kitabu cha gari husika ndicho kinachotoa kipimo sahihi.

Matenki hayo hugawanywa katika njia mbili, moja kwa breki za mbele na nyingine kwa breki za nyuma. Kati ya matenki kuna vali za njia moja zinazozuia upepo kurudi nyuma. Lengo la mgawanyo huo ni kwamba njia moja ikipasuka, nyingine ibaki na upepo wake ili gari liweze kusimamishwa, ingawa kwa umbali mrefu zaidi.

Chini ya kanyagio kuna vali ya breki. Dereva akikanyaga kidogo, vali hupitisha upepo kidogo. Akikanyaga sana, hupitisha upepo mwingi. Upepo huo huingia kwenye busta. Busta ni chombo chenye sehemu mbili. Upande mmoja una pistoni pana inayosukumwa na upepo. Upande wa pili una pistoni nyembamba iliyozungukwa na mafuta ya breki. Pistoni hizo mbili zimeunganishwa kwa fimbo ya chuma, hivyo ile pana ikisogea, nyembamba nayo husogea na kuyakandamiza mafuta.

Mafuta hayo hukimbia kwenye paipu hadi kwenye silinda za magurudumu, viatu hupanuka, na dramu hubanwa. Dereva akiondoa mguu, upepo uliotumika hutolewa nje. Huo ndio mlio wa "psss" tunaousikia lori linapoachia breki. Springi huvirudisha viatu mahali pake, na mafuta hurudi.

HESABU YA BUSTA

Nguvu ya busta hutokana na tofauti ya upana wa pistoni zake. Tuchukue mfano wa pistoni ya upepo yenye eneo la sentimita za mraba 200. Dereva akipitisha upepo wa kilo 6 kwa kila sentimita ya mraba, nguvu inayosukuma fimbo ni 6 mara 200, yaani kilo 1,200. Nguvu hiyo yote inaiangukia pistoni ya mafuta yenye eneo la sentimita za mraba 10 tu. Tukigawanya 1,200 kwa 10, tunapata shinikizo la kilo 120 kwa kila sentimita ya mraba ndani ya paipu za mafuta.

Kwa hiyo shinikizo la kilo 6 limezaa shinikizo la kilo 120, mara 20 zaidi, kabla ya kupunguza kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano. Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, upungufu mdogo wa upepo ni upungufu mkubwa wa breki: geji ikishuka kutoka kilo 6 hadi kilo 3, nguvu ya juu ya kubana nayo hushuka kwa nusu. Pili, paipu ya mafuta iliyochakaa, ambayo inaonekana haina tatizo gari likiwa limesimama, hubeba shinikizo kubwa sana dereva anapofunga breki kwa dharura. Ndipo hupasuka, wakati ule ule anapoihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

JAMBO AMBALO MGUU HAUWEZI KULIJUA

Katika gari dogo, mafuta ya breki yakipungua au hewa ikiingia kwenye paipu, kanyagio hulegea na dereva hulihisi. Katika lori ambalo kanyagio lake hufungua vali ya upepo pekee, mguu haugusani na mafuta kabisa. Mafuta yanaweza kuwa yanavuja, kanyagio likabaki vile vile chini ya mguu. Dereva anayesema "breki nazisikia ziko sawa" anausikia upepo, mafuta hajayasikia. Hali ya mafuta hujulikana kwa macho, kwa kuangalia kopo, na kwa taa ya tahadhari iliyopo kwenye dashibodi.

Upo pia mfumo mwingine katika baadhi ya malori madogo na ya zamani. Humo kanyagio husukuma mafuta kwanza, na busta ya upepo huongeza nguvu baadaye. Upepo ukiisha katika mfumo huo, kanyagio huwa gumu kama jiwe lakini breki kidogo hubaki. Katika mfumo wa vali ya upepo, upepo ukiisha kabisa hakuna kinachoyasukuma mafuta. Kila dereva anapaswa kumuuliza fundi wake swali hili kabla ya safari: gari langu ni la mfumo upi?

Tofauti nyingine kubwa ni kati ya lori la kati na lori la trela. Katika gari la upepo mtupu, breki ya maegesho hushikwa na springi zenye nguvu, na upepo ndio unaoziachia. Upepo ukiisha, springi hubana na gari hujifunga lenyewe. Madereva waliotoka kwenye trela huja na imani hiyo kwenye fuso, na imani hiyo inaweza kuua. Malori mengi ya kati hayana springi hizo. Handibreki yake huvutwa kwa waya na hubana dramu iliyopo nyuma ya gia boksi, kwenye propela shafti. Upepo ukiisha mteremkoni, lori kama hilo halijifungi. Linaendelea kwenda.

Handibreki hiyo ina udhaifu mwingine ambao utingo anapaswa kuufahamu. Kwa kuwa inashika propela shafti, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lile lililo hewani kuzunguka, na lile lililo chini nalo huweza kuzunguka upande wa pili. Lori linaweza kuteleza kutoka kwenye jeki na kumwangukia aliye chini. Kwa hiyo kabari za magurudumu si pambo. Ziwekwe kabla ya kuinua jeki, na ziwekwe pia kila lori linapoegeshwa kwenye mteremko, kwenye gati au ndani ya kivuko.

MAADUI WANNE WA MFUMO HUU

Adui wa kwanza ni maji ndani ya tenki. Hewa ina unyevu, na hewa ya kando ya Ziwa Viktoria ina unyevu mwingi zaidi. Kompresa inapoikandamiza na hewa hiyo kupoa tenkini, unyevu hugeuka kuwa maji na kutuama chini. Maji hayo huchukua nafasi ya upepo, hivyo tenki linaloonekana limejaa linakuwa na akiba ndogo. Huleta kutu, nayo kutu hukwaruza vali na kuharibu sili. Tiba yake haigharimu hata shilingi moja: fungua koki iliyo chini ya tenki kila siku hadi yatoke maji yote na ubaki upepo mkavu. Yakitoka maji yaliyochanganyika na oili nyingi nyeusi, kompresa imechoka na fundi aiangalie.

Adui wa pili ni maji ndani ya mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Kwa viwango vinavyotambulika kimataifa, mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya na nyuzi 155 yakiwa na unyevu. Mafuta yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hukandamizika. Busta itasukuma, mvuke utajikunja, na viatu havitabana. Mafuta hayo yabadilishwe kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, na kopo lililofunguliwa siku nyingi dukani lisinunuliwe.

Adui wa tatu ni joto. Dereva anayeteremka mlima huku ameshikilia breki muda wote huzipasha dramu hadi lainingi zinapoteza uwezo wa kushika. Dramu ya moto hupanuka, viatu vinahitaji kusafiri mbali zaidi, na busta hufika mwisho wa mwendo wake kabla ya kubana vya kutosha. Njia sahihi ni kuweka gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, kutumia breki ya ekzosi kama ipo, na kukanyaga breki kwa vipindi ili dramu zipumue.

Adui wa nne ni vumbi, matope na maji ya nje. Malori yanayoshushwa hadi ukingoni mwa ziwa ili kupakia au kuoshwa hutoka na dramu zilizolowa. Lainingi iliyolowa haishiki ipasavyo, na mara nyingi upande mmoja hukauka kabla ya mwingine, hivyo gari huvuta upande. Baada ya kutoka majini, dereva aende taratibu mahali salama, akanyage breki kidogo kidogo mara kadhaa hadi zikauke, ndipo aingie barabarani.

DESTURI NNE ZINAZOPASWA KUACHWA

Ya kwanza ni kuziba paipu ya gurudumu moja. Silinda inapovuja njiani, baadhi ya watu hukunja paipu au kuiziba kwa boliti ili mafuta yasimwagike, kisha safari ikaendelea. Lori hilo sasa lina breki upande mmoja zaidi ya mwingine. Likifungwa breki kwa ghafla, huzunguka au kuvamia upande wa pili wa barabara. Paipu iliyozibwa si matengenezo. Gari lisimame hadi silinda ibadilishwe.

Ya pili ni kuteremka gari likiwa nyutro, au injini ikiwa imezimwa ili kuokoa dizeli. Kompresa huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, kila mkanyago hupunguza upepo tenkini na hakuna kinachourudisha. Vilevile msaada wa injini katika kupunguza mwendo hupotea. Dizeli inayookolewa kwa njia hiyo ni ya shilingi chache.

Ya tatu ni kujaza oili ya injini, ya gia boksi au ya pawa stelingi kwenye kopo la breki. Sili za breki zinazotumia mafuta ya DOT huvimba na kulainika zikiguswa na oili hizo. Mfumo mzima, kuanzia busta hadi silinda za magurudumu, huharibika, na gharama yake huwa mara nyingi ya bei ya kopo moja la mafuta sahihi.

Ya nne ni kuzidisha mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Wengi huiona sheria hiyo kama ulinzi wa barabara tu. Lakini breki nazo zilipimwa kwa uzito ule ule ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Lori lililobuniwa kwa tani 10 likipakiwa hadi kufikia tani 15, breki zake zinatakiwa kumeza joto zaidi kwa nusu ya kiasi kilichokusudiwa.

UKAGUZI WA DAKIKA KUMI KABLA YA SAFARI

Ukaguzi ufuatao hauhitaji gereji. Unahitaji dereva, utingo, kabari na kitambaa. Gari liwe mahali tambarare na kabari ziwe zimewekwa.

1. Fungua koki za matenki yote, maji yatoke, kisha uzifunge.

2. Angalia makopo ya mafuta ya breki. Kiwango kiwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kikiwa kimeshuka tangu jana, tafuta yanakovujia kabla ya kuongeza.

3. Pita kila gurudumu kwa upande wa ndani. Tafuta unyevu wa mafuta kwenye tairi, rimu na paipu. Paipu ya mpira iliyovimba au kupasuka ngozi ibadilishwe.

4. Washa injini na uangalie geji. Upepo upande hadi kiwango cha kawaida kwa muda uliozoeleka. Ukichelewa kuliko siku nyingine, kompresa imechoka au kuna mvujo.

5. Zima injini, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie dakika nzima huku utingo akisikiliza chini. Katika mafunzo ya madereva wa magari ya upepo nchini Marekani, gari lisilo na trela halitakiwi kupoteza zaidi ya takribani kilo 0.2 katika dakika hiyo. Sindano ikishuka waziwazi, usiondoke.

6. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha kanyaga na kuachia mara nyingi hadi upepo upungue. Taa au king'ora cha tahadhari kiwake kabla sindano haijazama kwenye alama nyekundu. Kifaa cha tahadhari kilichokatwa waya kwa sababu "kinasumbua" kirudishwe siku hiyo hiyo.

7. Jaza upepo tena, ondoa kabari, tembea taratibu na ufunge breki. Lori lisimame kwa mstari ulionyooka, bila kuvuta upande na bila mlio wa chuma kwa chuma.

Ikiwa tahadhari ya upepo itawaka safarini, usipige pampu kanyagio, kwa kuwa kila mkanyago hutumia upepo uliobaki. Acha injini ifanye kazi, punguza gia, washa taa za dharura, kanyaga mara moja kwa uthabiti na usimame pembeni. Weka kabari, kisha tafuta fundi.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mmiliki wa lori ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu fedha, na kwa hiyo ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu breki. Dereva anayesema gari lisitoke leo asionekane mvivu. Siku moja ya mapato iliyopotea hurudi, ilhali mtoto aliyegongwa njiani kwenda shule harudi. Mmiliki aweke daftari ndani ya gari, dereva aandike kila ukaguzi, na fundi aandike kila kilichobadilishwa pamoja na tarehe.

Fundi naye anabeba dhamana. Anayefanya kazi ya breki ajifunze mfumo wa upepo na mafuta kwa ukamilifu. Elimu ya ufundi wa magari hutolewa katika vyuo vya VETA nchini. Baada ya kutoa hewa kwenye paipu, afuate mpangilio wa kitabu cha gari, kwa kuwa hewa kidogo iliyosalia karibu na busta hupunguza breki bila kanyagio kuonesha dalili.

Mwananchi anayepakia mazao au samaki anayo haki ya kuuliza. Ukiona mafuta yakichuruzika kwenye tairi, ukimwona utingo akikunja paipu, au ukimsikia dereva akilalamika kuwa upepo haupandi, usipandishe mzigo wako wala watoto wako. Toa taarifa kwa askari wa usalama barabarani au kwa uongozi wa kijiji. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama iliyobandikwa kwenye kioo inathibitisha hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hali ya leo asubuhi inathibitishwa na yule aliyefungua koki ya tenki na kutazama kopo la mafuta.

Ndugu msomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika breki za upepo na mafuta, ufa huo ni tone moja kwenye rimu, sindano inayopanda polepole kuliko jana, na maji yanayotuama tenkini kwa wiki nzima. Kila mwenye lori katika Halmashauri yetu anaombwa auzibe kabla lori halijaondoka mwaloni.